Wewe wa Nyuma, Nyoosha Mgongo

Dada yangu mpendwa,

Huku tunasukuma siku. Goti la mama bado linamsumbua, ila kila asubuhi hupita mbele ya jimu yetu akienda sokoni. Nasema yetu kwa kuwa ulipouza cherehani yako ndipo bei ya bosi aliyeniuzia ilipotimia.

Vyuma vya mazoezi aliniachia vyote. Sikumuuliza yeye anaelekea wapi. Kumbe amefungua nyingine mtaa wa pili, na wateja wote wamemfuata.

Mama sijamwambia. Akikaribia, nafungulia muziki na kupaza sauti katika chumba kitupu: "Moja! Mbili! Wewe wa nyuma, nyoosha mgongo!"

Jana alichungulia dirishani. Leo, na goti lake hilo, amezunguka njia ya mbali.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye jimu.