Mzunguko Mmoja Uliopungua

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo, kisha nikakaa kama mjinga nikingoja marahaba yako. Arobaini yako tumeisoma Alhamisi iliyopita, nyumbani kwako Mtanda, na yaliyotokea siku hiyo ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi. Nina neno nililotakiwa kukwambia ungali hai. Miaka miwili nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza kila siku.

Neno lenyewe ni la ile injini ya Mdachi, ya kuendesha kinu cha kuchambua pamba. Wakati wa vita vya Maji Maji banda liliungua, nayo ikakaa kwenye majivu na mvua mpaka kutu ikaila. Mdachi akakuita wewe, kwa sababu ulikuwa umechochea moto kwenye meli ya moshi kule Kilwa na vyuma ulivijua. Ukanichukua mimi, mtoto wa dada yako, mtu mzima mwenye mke lakini sina kazi. Mwaka ule watu walichimba ming'oko porini wapate kula. Sisi tulipewa posho ya mchele. Mchele, Mjomba! Mkeo Bi Zuhura hakuacha hata chenga ipotee.

Miezi mitatu tuliifufua injini ile. Kifuniko cha juu kilikuwa kimepinda, tukausugua uso wake mpaka ukanyooka. Ukanionya kwamba tukikipunguza kifuniko, vali zilizomo ndani yake nazo zinashuka, na pistoni ikipanda itazigonga. Lazima tupime nafasi iliyobaki kati ya vali na pistoni. Kipimo cha Kizungu hatukuwa nacho, ukatoa nta ya nyuki. Ukaitandaza juu ya pistoni, ukaipaka mafuta isigande, tukafunga kifuniko na kukaza.

"Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili," ulisema. "Vali hufunguka mara moja tu katika miwili. Ukizungusha mmoja, umejidanganya mwenyewe." Kisha nifungue, niikate nta kwa kisu pale vali zilipobonyeza, nitazame unene uliobaki. Usipungue punje ya mtama.

Ilikuwa Ramadhani, jua linazama. Ukaenda kutia udhu, ukaniachia. Gurudumu zito, tumbo tupu, na huko kwa wasimamizi muhogo wa nazi unanukia. Nikazungusha mmoja. Nilipofungua, nta ilikuwa laini, haina alama yoyote. Mwenye akili angejiuliza, nta gani hii haijaguswa? Mimi nikasikia adhana. Uliporudi ukaniuliza, nikakujibu bila kupepesa jicho: "Punje ya mtama inapita, Mjomba, na nafasi inabaki." Ukasema, "Alhamdulillahi. Haya, tufuturu."

Nilikudanganya kwa ajili ya muhogo.

Kesho yake ikawaka vizuri, watu wakapiga vigelegele. Ilipopata moto na kasi, ikapiga mlio mmoja mbaya, ikasimama. Vali zimepinda, pistoni imetoboka. Mdachi akaja uso umemwiva, akauliza nani aliyepima. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yako. Ukasema, "Mimi."

Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya wafanyakazi wote. Nilihesabu kila kiboko, na kila kimoja nilisema moyoni, kinachofuata nitapaza sauti. Vikaisha. Ukafukuzwa kazi siku ileile. Lakini kabla hujatoka uliinama, ukaiokota ile nta pale nilipoitupa, ukaigeuza mara mbili, ukaifutika kwenye kikoi. Kwa hiyo ulijua. Na hukunisema, wala kwa fumbo, wala siku nilipokuudhi. Mdachi aliponiita nishike nafasi yako, nilikuja kwako kukuuliza. Ukaniambia, "Kubali. Nyumba mbili zinakula hapo."

Nikakubali. Wewe ukarudi kulima mihogo, na mjini wakakubandika jina la Fundi Mvunjaji. Kisha homa ikakuchukua.

Sasa nikueleze ya msibani. Watani wetu walikuja kama ada, na mtani wako Selemani hakukuonea haya. Akajilaza kwenye mkeka, akanguruma kama injini, tu-tu-tu-tu, halafu "taa!" akajikausha. "Fundi Mvunjaji kajivunja na yeye!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na utani haukasirikiwi, najua. Na mimi nilicheka. Laana gani hii, Mjomba? Nilicheka.

Siku ya arobaini akaanza tena, akajilaza vilevile. Safari hii miguu yangu ilisimama kabla ya akili. Nikasema mbele ya wote, na Bi Zuhura akiwa mlangoni, kwamba gurudumu nililizungusha mimi, mzunguko mmoja badala ya miwili, na ukapigwa kwa mkono wangu. Selemani akainuka, akajikung'uta, akanitazama. "Basi kumbe wewe ndiye Mzunguko Mmoja," akasema, na jina hilo limenishika. Sokoni watoto wananiita. Naitika.

Lako la zamani wameliacha. Wazee wawili waliokucheka wameniomba niwaonyeshe kaburi lako.

Bi Zuhura hakunisemesha siku nne. Nilimpelekea kuni, akazipokea, akafunga mlango. Sikumlaumu. Kisha habari ikafika kwa Mdachi, wasimamizi hawana siri, na leo nimeitwa, nifike ofisini kesho asubuhi. Yatakayonikuta huko nayajua. Mke wangu analia, anataka nitorokee kisiwani Songo Mnara kwa ndugu zake. Siendi.

Jioni hii Bi Zuhura amekuja mwenyewe, akasimama uani, hakutaka kukaa. Akasema kesho atakwenda na mimi mpaka mlangoni kwa Mdachi, na atangoja hapohapo mpaka nitoke. Siku ile wewe ulikwenda peke yako ukarudi peke yako, na yeye alikuwa nyumbani anachambua mchele, hajui.

Pumzika, Mjomba. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Nakuahidi, kosa langu halitabebwa tena na mgongo wa mtu mwingine.

Mpwa wako