Mkuu wa Moshi na Filimbi Yake

Lubumbashi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi, wewe unayeniita Tata,

Ukoo wote usimame. Mwenye kofia aivue. Anayekula asimamishe tonge. Mimi Ngoy, mwana wako wa pili, ninatangaza mbele yenu na mbele ya mbuzi waliofungwa hapo uani kwamba tangu mwezi uliopita nimepewa filimbi. Ni nyekundu, ina kamba ya kuvaa shingoni, na nikiipuliza njiwa wote wa paa la jirani wanaruka kwa pamoja. Pamoja nayo nimepewa kaye, yaani daftari la mistari, kalamu, na cheo: Mkuu wa Moshi. Mnaweza kukaa sasa.

Marceline, dada yangu, wewe unayemsomea Mama kwa sababu ya macho yake, soma kama nilivyoandika. Usiruke mahali ninapojisifu, na mbele huko usiruke mahali ninapoaibika. Nakujua. Barua ya Pasaka uliifupisha mpaka Mama akadhani nimeugua homa tu na maisha yangu hayana kingine.

Mama, goti linaendeleaje? Yale mafuta unayapaka, au umempa tena jirani? Paa la jikoni limevumilia mvua za kwanza? Mimi mwili uko sawa. Tumbo limetangulia kidogo, nywele zimebaki nyuma, lakini tunatembea pamoja.

Huku mijakaranda imechanua. Asubuhi nikifagia mbele ya jengo ninafagia maua, zambarau tupu, na nikifika mwisho, mwanzo umeshafunikwa tena. Siharakishi. Kuna wakati ninasimama tu na ufagio, natazama kule mbali lile bomba refu la moshi la kiwanda cha zamani, linalosimama juu ya mji kama mzee aliyesahau alichokuja kusema, na ninacheka peke yangu. Mji mzima umelelewa na bomba la moshi, na mimi nimeajiriwa humo kukataza moshi.

Ilianza hivi. Jengo ninalolinda umeliona kwenye picha, lina etaje nne, ghorofa juu ya ghorofa, la tangu wakati wa Wabelgiji. Majiko yote yanatazama tundu moja la hewa katikati, jembamba kama kisima, na chini kabisa ya tundu hilo ndipo kilipo chumba changu. Etaje ya nne anakaa Mama Rachel na mtoto wake Dorcas, wa miezi minane, mwenye pumu. Mara mbili tumemkimbiza hospitali, midomo yake imegeuka rangi ya maua haya ninayofagia. Baada ya mara ya pili Madame Béatrice, mwenye jengo, akatuita wote uani.

"Kuanzia leo mu nyumba yangu sigara hapana," akasema. "Mu chumba hapana, ku ngazi hapana, ku dirisha hapana. Muntu akikamatwa, mustari moja mu kaye. Akirudilia, mustari ya pili. Ya tatu, anafunga bintu yake anaenda. Sasa, nani iko na pua ya muzuri?"

Juu ya meza palikuwa na ile filimbi. Unanijua tangu utotoni na vitu vyekundu, Mama. Nikainua mkono.

"Weye, Papa Ngoy? Pua yako iko bien?"

"Madame, hii pua? Samaki ninamusikia angali mu mayi."

Watu wakapiga makofi.

Basi kila jioni saa kumi na mbili nikawa napanda ngazi. Kwenye kila mlango nasimama, nafunga macho, nainua uso juu kama padri altareni, navuta hewa polepole. Wala sikuhitaji kusema neno. Trésor, fundi wa simu wa etaje ya kwanza, alinivumilia kidogo tu, mlango ukafunguka: "Papa Ngoy, pardon! Ilikuwa nusu tu! Nusu hapana sigara!" Sasa anavutia nje, barabarani, chini ya mjakaranda. Mwingine wa etaje ya pili alinikabidhi pakiti nzima bila kuulizwa. Haya ndiyo niliyowasimulia kwenye simu, nanyi mkashangilia mpaka salio likaisha.

Lakini Mama Rachel alizidi kushuka kunitafuta, mtoto mgongoni.

"Papa Ngoy, moshi inapanda tu. Ni tumbaku, kila mangaribi. Mutoto anakohoa mpaka anatapika. Uangalie pale ku etaje ya tatu."

Etaje ya tatu anakaa Papa Kalenga, aliyekuwa dereva wa treni kwenye reli ya kwetu kaskazini. Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita. Yuko peke yake na redio, na mfukoni mwa shati hakosi kiko. Nikaenda nikasimama mlangoni kwake, nikafunga macho. Akafungua.

"Unasali ku mulango yangu, mwana?"

"Niko ku kazi, Papa. Hapa kuko moshi ya tumbaku."

Nilitegemea akatae. Hakukataa. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyesikia treni ambayo watu walimwambia haiji tena.

"Na weye unaisikia?"

"Ninaisikia."

"Kweli kabisa? Haina kichwa yangu inanidanganya?"

"Papa, nitaandika."

"Andika, mwana. Andika."

Nikaandika. Wiki iliyofuata tukarudia maneno yaleyale, mstari wa pili. Ijumaa moja, wa tatu. Madame akapanda mwenyewe kumwambia kwamba mwezi ukiisha awe ameondoka. Mzee akajibu "Sawa," akapandisha redio sauti.

Siku hizo hizo, Mama, marehemu baba yako alianza kunijia. Mchana nikishakula bukari, huo ugali wetu, nalala kidogo, mlango wazi, maua yanaingia. Ndotoni nilikuwa namwona anapanda ngazi zetu, miguu mitupu, bila haraka, kiko mdomoni. Anafika etaje ya tatu, anakaa kwenye kidato, ananitazama kama anayengoja nimalize kazi yangu. Na nilikuwa nasikia harufu yake yote: tumbaku, kikoi chenye unyevu, na maji ya mto. Nikiamka, kuta zilikuwa kuta, hewa ilikuwa hewa. Nilikuwa nalala tena haraka nimfuate.

Marceline, hapa punguza sauti. Kama kuna wageni, wape maji waende. Soma polepole.

Mama, mimi sinusi kitu. Ni miaka tisa sasa. Ile kazi ya kuchaji batri niliyofanya komini ya Kenya, upande ule wa mji, katika chumba kisicho na dirisha, asidi ilinichukua pua kidogo kidogo, na siku niliyotambua ilikuwa imeshakwenda. Wale samaki wakavu uliowatuma Pasaka, uliniuliza kama bado wana harufu ya kwetu, nikakujibu kwamba mto mzima umo chumbani. Nilikudanganya. Niliwala kama mtu anayekula jina la kitu. Na pale milangoni, macho yamefungwa, sikunusa hata siku moja. Nilikuwa nangoja watu waogope. Papa Kalenga nilimwandika kwa sababu Mama Rachel alisema, na kwa sababu ya kile kiko. Sikuwahi kukiona kimewashwa.

Sasa nikueleze kilichotokea hasa.

Jumamosi ya wiki iliyopita mzee aliniomba nimsaidie kushusha sanduku lake la chuma, lile la safari za treni. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Nikawasha kwanza mbabula yangu, jiko langu la makaa, nikateleka maji ya bukari, nikapanda. Tukainua sanduku. Tulipopita jikoni kwake akasimama, akaweka upande wake chini, akafungua dirisha lote.

"Ile moshi njo inafika. Unaisikia?"

Nikafunga macho, kwa mazoea tu.

"Hii hapana sigara ya duka," akasema. "Ni tumbaku ya kwetu, yenye kukaushwa juu ya paa. Muke yangu alikuwa anafungia baba yake majani vile, kila safari yangu. Tangu alikufa sikuisikia tena. Kisha mangaribi moja ikaingia hapa. Nikasema, ni yeye. Nikaogopa ni wazimu. Halafu weye ukakuya ku mulango, ukasema unaisikia. Nilifurahi, mwana! Nikawaza, nikikatala, itaacha kukuya. Njo maana nilisema andika."

Nikachungulia chini. Moshi ulikuwa unapanda katika kile kisima cha hewa, mwembamba, wima, polepole kama uzi unaovutwa na mtu aliye juu. Nikaufuata kwa macho hadi mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa mbabula yangu.

Mama, ni yale majani. Kila mzigo unaonitumia, juu ya samaki unaweka fungu la tumbaku, kwa sababu nina jina la baba yako, na mwenye jina la mzee haachwi bila tumbaku ya mzee. Ndiyo maana unaniita Tata kama ulivyomwita yeye, ndiyo maana hujawahi kunichapa mbele ya watu. Uliniambia niyaweke pembeni ya mlango, na mwanzoni niliyaweka. Kisha mvua zikaanza, makaa yakalowa, na hakuna kinachoshika moto kama majani yale. Kila jioni nilichukua jani moja kuwashia. Sikusikia kitu. Nikawasha, nikavaa filimbi, nikapanda kutafuta mvutaji. Nilikabidhiwa kifua cha mtoto, nikamvutisha tumbaku ya babu yangu.

Ningependa kuandika kwamba nilikiri palepale. Hapana. Nilisema, "Papa, tushike sanduku." Tukashuka, mimi mbele nikienda kinyumenyume, uso wake mtulivu juu yangu. Na nikawaza: mzee akishaondoka, mimi niache tu majani, moshi utakwisha, mtoto atapona, wote watasema kumbe alikuwa yeye kweli, na pua yangu itakuwa hadithi mjini. Ilikuwa rahisi hivyo. Sikuhitaji hata kudanganya tena, ilitosha kunyamaza. Tulipofika etaje ya kwanza nikasimama. Nikakaa kwenye ngazi, sanduku juu ya mapaja.

"Papa, miye sina pua."

Akaniangalia kwa makini. "Uko nayo. Ninaiona."

Ndipo nikamweleza yote, tangu batri hadi jani la mwisho. Nilijiandaa kwa matusi, na nilikuwa nayataka. Akauliza tu:

"Kwa hiyo haikuwa yeye."

"Hapana, Papa. Haikuwa yeye."

Mama, watu nimewanyang'anya vitu vidogo vidogo katika maisha haya, siti, zamu ya maji, heshima. Sijawahi kumnyang'anya mtu kitu kama kile. Akakaa kando yangu. Maua yalikuwa yanaingia kwa mlango wa chini, moja moja.

"Basi ni baba ya mama yako njo alikuwa anavutia mu nyumba yangu," akasema baadaye. "Alikuwa wa wapi?"

"Kongolo. Ng'ambo ya mto."

"Kama alisafiri, nilimubeba."

Nikashuka uani nikapuliza filimbi mpaka njiwa wakahama. Wapangaji wakatoka, Madame akaitwa kwa simu akafika, nikasema mbele ya wote. Trésor alicheka hadi akajishika ukuta. Mama Rachel hakucheka. Alisema, "Papa Ngoy, ni mutoto yangu," basi, na hilo linanitosha hadi leo. Madame akafuta mistari mitatu ya Papa Kalenga, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu na mistari mitatu chini yake, mmoja baada ya mwingine, bila kuinua kichwa.

Hapo mzee akakohoa kutoka ngazini. "Madame, kama huyu anaenda leo, hii sanduku yangu nani ataipandisha?"

Madame alitaka kukasirika. Mdomo ukamponyoka akacheka, kisha akakasirika kidogo kwa sababu amecheka. Nimebaki. Cheo kimekwenda. Filimbi iko shingoni mwa Mama Rachel, na anaitumia vibaya kuliko mimi. Mbabula yangu iko nje ya ukuta, chini ya mjakaranda, pamoja na Trésor na nusu zake. Dorcas amelala wiki nzima bila kukohoa, na jana, nilipopita na ndoo, alikuwa ameing'ata ile filimbi kwa meno yake mawili. Alinitazama. Sikudai.

Kwa hiyo, Mama, usikasirike na usiache kuleta majani. Siwashi tena. Jani moja nimempelekea Papa Kalenga, ameliweka juu ya redio, halina moto, na jioni nikimaliza kazi napanda kukaa naye. Yeye ananusa, mimi nasikiliza. Jana aliniambia lina harufu ya mvua kwenye nyasi, na moshi wa zamani, na kitu kingine ambacho alikitafuta sana kabla ya kusema ni mikono ya mama wa mtu. Ukituma samaki, ongeza mmoja wa mzee. Na siku ukiniuliza tena kwenye simu kama wana harufu ya mto, nitakuomba usubiri kidogo nipande etaje ya tatu nikaulize.

Nisalimie mke wangu Hortense. Barua yake iko peke yake ndani ya hii, na Marceline asiifungue. Nisalimie kaka mkubwa kule shambani, shangazi mwenye kisima, na katekista aliyenifundisha kukiri, umwambie nimechelewa lakini nimefika. Kaburini kwa Tata, ukipita, mwambie jengo halina nafasi tena, ila ndotoni bado anaruhusiwa.

Ni mimi mwanao, mwenye jina lake,

Ngoy