Tiyo ya Kusikilizia Motere

Mudogo wangu Faida,

Nakusalimia kwa jina la Mungu aliyetuacha hai. Uko muzima? Ule muguu uliovimba umeshuka, ao ungali unatembea na malapa ya bwana yako? Jibu yote, si kama barua yako ya mwisho, mistari ine tu, kama mutu anayeogopa karatasi itaisha. Mimi nilisoma miaka mitatu, na angalia namna ninavyojaza.

Sisi wakimbizi huku Nakivale tuko. Maharagi imekomaa, magoti inauma. Lakini sikukuandikia juu ya maharagi. Nina wivu. Usicheke. Nimebaki na meno sita na nina wivu.

Ile siri wewe peke yako unaijua: shemeji yako, bwana yangu, hasikii, tangu mupira ya kamio ya mizigo ilipopasuka karibu na kichwa yake mu garaji kule Uvira. Batu hawajui, kwa sababu anasoma midomo. Lakini fundi asiyesikia motere, ile injini ya gari, atakula nini? Ndiyo tukakata kipande ya tiyo, bomba ya mupira, urefu ya mukono. Ncha moja ku motere, ncha ingine mu sikio yangu. Nikisikia chuma inagonga, ninamugusa-gusa mu kiganja. Nikisikia hewa inavuja, ninamuchorea mustari murefu na kucha. Batu bakasema, huyu fundi ni mukubwa, na muke yake anamupenda sana, hata ku kazi anamushika mukono. Masikio ilikuwa yangu.

Sasa ku Mbarara kuko mama mumoja mujane, anakaa karibu na kambi ya jeshi. Bwana yake alikuwa afande, akamuachia gari ya zamani ya mashindano. Nyekundu, milango mbili, fupi mupaka kuingia unachuchumaa kama unakamua ngombe. Ugonjwa yake: mu barabara inakimbia vizuri, lakini ikisimama motere ikiwaka, ile tunaita ralanti, inatetemeka kama mutu wa malaria. Usukani inatetemeka, kioo inatetemeka, hata kiti. Mafundi ya muji walishindwa. Wakamuita muzee ya Nakivale, ndiye bwana yangu.

Nikamuambia angoje nimalize kuvuna. Hakungoja. Siku ine anapanda pikipiki mupaka Rwekubo, halafu taksi. Anarudi anacheka peke yake, ananuka chai ya maziwa.

Siku ya tano jirani yangu anayeuza nyanya akaja. "Mama, nimeona muzee wako Mbarara. Mwanamuke mumoja ameweka tiyo mu sikio, na muzee anamuangalia usoni tu, hapepesi."

Tiyo yangu! Mu sikio ya mwingine! Nikaacha maharagi mu shamba, nikavaa kitenge ya kanisa, nikaenda.

Nikawakuta. Mujane ameinama ku motere, meno yote iko mu kinywa, analalamika: "Mzee, mimi nasikia tik-tik-tik tu!" Na yeye macho ku midomo yake. Ndiyo, ninajua, anasoma. Lakini siku ine mutu anasoma midomo ya mwanamuke mumoja?

Mujane akanipokea na heshima ya huku: "Nyabo, karibu! Wewe ni mama ya fundi?"

Mama! "Mimi ni muke yake. Na hiyo tiyo iko na mwenyewe."

"Bambi, pole, usikasirike. Mzee alisema mwenye gari ndiye anasikiliza, ndiyo inapona."

Basi hakumuambia siri. Alidanganya, muzee muongo ule. Roho yangu ikashuka kidogo. Kidogo tu.

Muzee alikuwa ameamini ile tik-tik, akafungua valvu siku muzima bure. Ile ni sauti ya uzee, hata magoti yangu inayo. Nikamuambia anioneshe kazi tangu mwanzo. Akatoa waya ya buji, ile plagi ya kuwasha mafuta, moja moja: kila akitoa moja, motere inachechemea sawasawa. Kwa hiyo buji zote zinafanya kazi. Ugonjwa iko fasi ingine.

Nikamugeukia mujane. "Wewe unayeiendesha, hakuna kitu uliona?"

"Mimi nikikanyaga breki imesimama, inatetemeka zaidi. Nilimwambia mara mingi! Lakini mimi niko ndani, yeye kichwa iko kwa injini. Hanijibu hata moja. Nikafikiri wazee wa Congo wana maringo."

Kicheko ikanibana mbavu. Siku ine anamupigia kelele ku mugongo! Angegeuka mara moja tu, angeona jibu ku ile midomo aliyoipenda.

"Kanyaga breki," nikamuambia. Nikafuata na tiyo ule mupira mweusi unaotoka ku motere kwenda ku breki. Huku chini, fasi jicho haifiki: psssss. Umepasuka. Hewa inaingia fasi haina ruhusa.

Nikaficha mukono mu kitenge. Nakuambia kweli, kwa sababu uko damu yangu: niliwaza nimuache muzee aaibike mbele ya yale meno.

Halafu akanyoosha kiganja. Hakuangalia midomo yangu. Alifunga macho, anangoja. Nikamuchorea mustari murefu, nikautia kucha hata akaruka. Akacheka kama kijana.

Akaweka mupira mupya. Motere ikatulia. Mujane akasimamisha glasi ya maziwa juu ya kapo, ile mufuniko ya motere, haikumwagika.

"Mzee, umejuaje?"

"Nimesikia," anasema, bila haya. Mujane akamushukuru na mikono yote mbili. Yeye. Mimi nikafunga kinywa, ni kazi yangu ya zamani.

Jana mujane ametuma salamu, ati sasa taa inasumbua. Muzee akasimama kuvaa viatu. Nikamuambia, "Enda. Tiyo inabaki."

"Nitafanya nini bila tiyo?"

"Utaangalia midomo."

Akakaa. Baadaye akaninyooshea kiganja, hakuna motere karibu. Nikamuandikia kitu mule. Hata wewe sikuambii.

Salimia bwana yako, na amalize ile paa. Salimia mama mukwe yako, na mujomba anayekohoa, na binti yako mukubwa: aolewe na mutu anayesikia, ao akubali kazi.

Ukishaisoma, ichome.

Ni mimi dada yako,
sikio yake.