Neno la Kusema Ukikaribishwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, anagombana na magoti tu. Unauliza mtu huuzuiaje mdomo, maana umenenepa na pumzi zinakuishia ngazini. Umemuuliza bingwa, ingawa aliishia darasa la nne.

Miaka ya hamsini nilikuwa winga wa timu ya mtaa hapa Mabawa, hakuna beki aliyenikamata. Ramadhani moja nilifunga yote, sikukosa hata siku. Ila kila magharibi nilifuturu nyumba tatu. Nikiambiwa "Karibu," nanawa. Asubuhi ya Idi, kaptula ya timu ikagoma kupanda.

Nahodha wetu Saidi akanikagua. "Wewe ulifunga, au ulifungwa kama beberu wa kunenepeshwa?"

"Nilifunga, wallahi!"

"Basi kaa. Mechi ya leo utaitazama."

Nililia, usimwambie bibi yako. Mama akasema, "Mwanangu, ukikaribishwa si lazima unawe. Sema 'starehe,' upite."

Neno nililijua tangu utotoni, nilidhani ni la watu walioshiba. Jioni ile jirani akanikaribisha bokoboko, ule uji mzito wa ngano na nyama. "Starehe," nikajibu, nikapita.

Mwili si aibu, Zuhura. Kilichoniuma ni kwamba mdomo ndio uliokuwa ukiniamulia.

Jirani alidhani naumwa, akaniletea bakuli zima nyumbani. Nikala nusu, nikalifunika. Sijawahi kufunga bao tamu kama lile, na Saidi hakuwepo kuliona.

Wako,
Babu