Nilifuta Chaki, Sasa Sijui Mwalimu Mkuu Atafungua Boksi la Nani

Shangazi wa ukurasa wa Jumamosi, shikamoo.

Ninalokuandikia hapa sijamwambia mtu yeyote, na si kwamba nimekosa wa kumwambia, ila mimi nikianza kusema jambo mbele ya watu sauti hutangulia kuondoka nikabaki nimefungua mdomo, kwa hiyo naomba unisikilize kwa maandishi. Nilijaribu kwanza kukuandikia kwa lugha ya shuleni, maana ndiyo tunayofundishwa nayo kila kitu, lakini kila nilipofika kwenye kosa lenyewe barua ikawa kama naomba ruhusa ya kwenda chooni, nikaichana, nikarudi kwenye lugha ya nyumbani, ambayo hainionei huruma.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mama yangu ni fundi cherehani na chumba chetu cha mbele ndicho anachofanyia kazi, kwa hiyo ukiingia kwetu unapita kwanza katikati ya magauni ya watu ndipo umfikie mwenye nyumba. Nina marafiki watatu, na usinicheke Shangazi, ndio wa kwanza, kwa sababu kabla ya mwaka huu hakuna aliyewahi kubisha mlango wetu akaniulizia mimi, wote waliobisha waliulizia nguo zao. Bosi ni kiranja wetu, baba yake ndiye mwalimu mkuu wa shule yetu, na yeye hata akikuomba kifutio ni kama anasoma tangazo. Kijiko tunamwita hivyo kwa sababu hakuna jambo ambalo hajalikoroga. Mzee ni mvulana wa umri wetu, ila hukohoa kabla ya kuongea na akiinuka hushika kiuno.

Siku moja Kijiko akasema sikukuu inakaribia, mbona tusikutane mahali tukafunga zawadi za nyumbani kwetu pamoja, kila mtu aje na yake, bila mambo mengi, tukae chini, tunywe chochote, tupige soga, na Bosi akauliza tunakutana kwa nani, na kwa kuwa ni mimi peke yangu ambaye sikuwa nimesema neno, wote wakanigeukia, Bosi akasema, "Kwako, siyo?" Nikasema ndiyo. Mimi ndivyo nilivyo, nikiulizwa kitu ghafla nasema ndiyo, na ndiyo hiyo ilishaniingiza kwenye timu ya kurusha tufe wakati hata ndoo ya maji naibeba kwa kupumzika njiani.

Mama akatuachia chumba mchana mzima, akasogeza cherehani ukutani, akafunika nguo za wateja kwa shuka, akatupa yale maboksi bapa anayowatilia wateja nguo zilizokwisha, yote ya saizi moja, na Bosi akaja na bunda moja kubwa la karatasi ya bluu akasema zawadi zote zifungwe kwa hiyo hiyo, hataki fujo ya rangi.

"Hizi ni zawadi au ni gwaride?" Kijiko akamuuliza.

"Hata gwaride ungechelewa," Bosi akamjibu.

Naomba nikutajie yaliyoingia kwenye maboksi kwa sababu ndipo balaa lilipo. Bosi alikuwa na sweta la baba yake. Mzee alikuwa na shali ya sufi ya bibi yake. Kijiko alimnunulia dada yake anayeolewa hivi karibuni gauni la kulalia, lenye lesi, akaliinua juu kwa vidole viwili tulione, na Shangazi, mimi nilimwona Mzee kupitia gauni lile, mpaka vifungo vya shati lake, na Mzee akageukia ukutani akasema, "Jamani, na mimi nipo humu ndani."

Mimi niliwaambia nina kitambaa cha mama. Nilidanganya. Ni gauni, na nimelishona mwenyewe, kwa cherehani yake, siku anazotoka kwenda kuwapima wateja majumbani, kwa sababu kila sikukuu anashonea mtaa mzima halafu yeye anavaa lile lile alilolivaa tangu mimi nikiwa darasa la pili. Mkono wa kushoto umekaa vizuri. Wa kulia una mawazo yake.

Na ile shughuli ilikuwa nzuri, lazima nikiri, selotepu ilimnasa Kijiko kwenye nywele tukazikata pamoja nayo, Mzee alikunja pembe za karatasi kwa adabu kama anatandika kitanda cha mgeni, tulimaliza kufunga mapema na hakuna aliyeondoka, Mzee akajilaza juu ya vipande vya vitambaa akatusimulia maradhi yake, Bosi akacheka mpaka sauti ya tangazo ikamtoka, na mimi, Shangazi, nilisimulia kisa kizima kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyenikatiza. Kilikuwa kisa cha kawaida tu, cha mteja aliyemwambia mama amepungua kiuno kumbe futi ya kupimia ilikuwa imejikunja, lakini walicheka pale nilipotaka wacheke.

Kadi za majina hatukubandika, maana Bosi alitaka kila mtu akaandike kwao kwa utulivu, kwa hiyo ili tusichanganye mimi nilitia alama kwenye kila boksi kwa chaki ya fundi, herufi ndogo pembeni, na la kwangu msalaba. Wenzangu wakaenda jikoni kuchukua vikombe, mimi nikabaki kupanga. Sasa tangu nimeweza kusimama wima, kazi yangu nyumbani ni moja, nguo ikiisha naipitishia kitambaa chenye unyevu kidogo kuondoa alama zote za chaki kabla mteja hajaichukua, kwa sababu mama hasamehi chaki, anasema mteja akiiona atajua kazi haijaisha. Basi mikono yangu ikafanya yenyewe. Mimi nilikuwa bado nafikiria kisa changu na jinsi walivyocheka, nikafuta la kwanza, nikafuta yote, nikapuliza na vumbi. Nilipotazama chini niliona maboksi manne ya bluu, yamefanana kama mapacha.

Niliyatikisa, yote nguo. Niliyanusa, yote karatasi. Bosi akaingia na kikombe mkononi, akachukua la juu. "Hili langu, siyo?" Nikasema ndiyo. Kijiko akauliza, "Na hili?" Ndiyo. Mzee akakohoa akanyoosha mkono, nikampa moja nikasema ndiyo kabla hajauliza. Wakaondoka wamefurahi. La nne liko chini ya kitanda changu na sijalifungua, kwa sababu likiwa limefungwa huenda ni gauni la mama na huenda nilipatia yote, ila nikilifungua nitajua, na nikijua itabidi niseme.

Shule imefungwa lakini hawaniachi nipumue. Kijiko ananitumia ujumbe kwenye simu ya mama kwamba dada ameanza kulitikisa boksi. Bosi naye ameniambia desturi ya kwao, kwamba sikukuu baada ya chakula baba yake hufungua zawadi mbele ya wajomba na mashangazi wote, na ili kumshukuru aliyeleta, huivaa papo hapo. Shangazi, huivaa. Tangu aniambie hivyo nikifumba macho naona lesi.

Nikisema, watajua kwamba niliwatazama usoni nikawajibu uongo, kila mmoja na wake, na hawatakuja tena, nitarudi kuwa yule wa kuwaambia watu nguo zao ziko tayari. Nisiposema, sijui mwalimu mkuu atanitazama vipi paredi muhula ujao, au mimi nitamtazama vipi. Nifanye nini? Nasikia kandambili za mama zinakuja huku, na siku zote karatasi hii huwa naisukuma chini ya godoro najifanya nasoma, ila leo nimechoka na godoro, acha ikae hapa hapa mezani anap

*(Chini ya barua, kwa mwandiko mwingine:)*

Shangazi, mimi ndiye mama. Nimesoma yote, mwenyewe amekaa kitandani amejifunika shuka kichwani anasubiri nigombe, na mimi nimeshindwa pa kuanzia maana habari ya chaki nilimfundisha mwenyewe. Boksi la chini ya kitanda nimelifungua. Ndani kuna sweta la mwanaume, kubwa, la kijivu. Kwa hiyo baba wa watu anakwenda kufungua kingine. Uzi wangu wa zambarau nilijua unapungua, nikadhani anashonea mvulana. Hilo gauni sijaliona lakini nalitaka. Usimbembeleze.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti wa fundi, na mama yako umpe salamu zangu. Ametaka nisikubembeleze na mimi sina mpango huo.

Kwa chaki sikulaumu. Mikono iliyofunzwa vizuri haiulizi, inafanya. Pole yangu yote ni ya hapo, na imeishia hapo. Kwa sababu ulipoona umefuta, wenzako walikuwa jikoni na vikombe, hatua chache tu, na ilikuwa ni kuita, "Jamani, nimeharibu, njooni tufungue tena." Mngecheka, mngepoteza karatasi kidogo, na mimi leo ningekuwa namjibu yule bwana anayegombana na mkwewe kuhusu bomba la maji. Wewe ukagawa. Tena ukawa unalala kila usiku juu ya boksi ambalo lingekuambia ukweli, na mkasi uko chumba cha pili. Mama yako amelifungua kwa muda usiozidi wa kuvuta selotepu. Nyumba yenu haijaanguka.

Sasa tujue tulipo. Sweta liko kwenu. Kwa hiyo kwa mwalimu mkuu kuna shali ya bibi, au gauni la mama yako, au lesi. Nimeyapima yote matatu na sioni hata moja ambalo mtu anaweza kulivaa mbele ya mashemeji zake kisha akarudi shuleni kutoa adhabu.

Unaogopa hawatakuja tena. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali waliposema wanakupendea unadhifu wako, sijapaona. Nilichoona ni kwamba kazi iliisha mapema na hawakuondoka. Mwenye shida ya boksi huchukua boksi akaenda zake, muulize mama yako, watu hao anawaona kila siku. Hawa walibaki kumsikiliza mtu anayesema hana sauti. Watakasirika, ndiyo. Bosi atakuhutubia. Kijiko atakutania mpaka mzeeke, hilo sina dawa yake. Lakini rafiki aliyekukasirikia usoni bado yuko mbele yako. Atakayegundua mwenyewe siku ya sikukuu, huku wajomba wanacheka, huyo ndiye utakayehangaika kumtafuta.

Fanya hivi. Usitume ujumbe, ujumbe ukifika kwa Kijiko utamfikia dada mtu umeshaongezwa chumvi. Nenda mwenyewe kwa kila mmoja, mlangoni, sema: "Nilifuta chaki, sikujua lipi la nani, nikasema uongo kwa sababu niliona aibu. Njoo kwetu na boksi lako." Halafu nyamaza. Kunyamaza unakuweza. Usiongeze "lakini", usilie ili wakuonee huruma, waache waseme yao mpaka yaishe. Kisha kaeni chumba kile kile, fungueni yote, kila mtu ashike chake, mfunge upya. Karatasi atalipia mama yako, namtuma mimi, na majina mtaandika kwa kalamu ya wino, mbele ya wote, kabla mtu hajasimama. Mzee akae ametazama ukuta tangu mwanzo ili kuokoa muda.

Gauni lako usilifunge tena. Limeshajulikana, mvalishe mama siku hiyo hiyo. Na wewe fundi, nakujua bila kukuona: huo mkono wa kulia usiuguse. Usiufumue, usiseme "ngoja niupitie kidogo." Vaa, toka nao mtaani, wateja wakiuliza nani amekushonea, wajibu.

La mwisho. Jina lako nimelificha kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lakini binti wa fundi cherehani, mwenye rafiki kiranja, ambaye baba yake ni mwalimu mkuu, mimi ningekuwa jirani yenu nisingehitaji kufikiri sana. Walimu wakuu wote ninaowafahamu husema hawausomi ukurasa huu, na wote hunisimamisha njiani kuniuliza habari zake. Barua yako ilifika Jumanne. Ningetaka kukuonea huruma ningeiweka mpaka mwakani. Gazeti sasa limeshatoka. Kwa hiyo anzia kwa kina Bosi, beba sweta, vaa viatu sasa hivi. Ukimkuta baba mtu amekaa barazani amefungua gazeti hili, mwamkie kwa heshima zote, na uombe lile boksi kabla hajafika kwenye mstari huu.