Mla Majani Kati ya Wala Nyama

Mjukuu wangu Nambozo,

Hapa Wanale tu wazima, bibi yako anakusalimu. Unauliza ilikuwaje wataalamu wa zamani wamweke dinosaria mla majani kati ya wala nyama, eti mifupa yake ilikutwa pamoja na meno ya mnyama mla nyama.

Nilikuwa karani wa jeshi Jinja. Vita vilipoisha, jeshi letu likiwa limeshindwa, nikarudi Mbale; vijana wenye mapanga waliokuwa wakiwasaka askari wakanizingira. "Wewe ni askari?"

Kwa hofu nikajibu kama kambini: "Hapana, afande!"

Wakainua mapanga. Mzee Hamisi, jirani yetu Mwislamu, akaangua kicheko. "Huyu? Nikija kumchinjia mama yake kuku, hujificha chooni!"

Wakacheka, wakaniachia.

Mnyama wako alikosa jirani wa kumsemea. Nafurahi sasa amekupata wewe.

Babu yako