Topu ya Mabaki ya Jezi

Jumanne, 8 Julai 2025

Mzigo wa Klara umefika! Konda kaushusha stendi, nimekimbia na kanga tu kwenye baridi hii. Ndani vipande vya kitambaa cha jezi, kile cha kuvutika. Mabaki—bluu, na kidogo rangi ya damu ya mzee.

Klara tulisoma naye hapa hapa Iguguno. Sasa ana chumba cha ushonaji Shelui, anashona jezi za shule. Nimempigia. Anasema nishone topu moja, ya kawaida tu, niende nayo Jumatatu. Akiona mkono wangu unafaa, cherehani ya pili ni yangu. Nisipotokea, anachukua mtu mwingine.

Nikasema sawa. Nikakata simu. Nikaenda kumgeuza baba.

Tangu kiharusi kimpige, mwaka juzi, sijalala nje ya nyumba hii. Hata Singida mjini sijafika. Mimi ndiye ambaye sijaolewa—basi, kazi ni yangu.

Jumatano, 9 Julai

Nimekata. Fulana yangu ya zamani nimeikunja katikati, nikaizungushia alama kwa kipande cha sabuni. Mgongo umetosha. Mbele kitambaa hakitoshi! Nimeunga kipande cha damu ya mzee kifuani. Nadhani ndiyo imependeza zaidi.

Ila cherehani ya mama inaruka nyuzi. Nimefumua. Nimefumua tena. Baba anagonga kitanda, maneno hayatoki tena—anataka maji. Nimerudi, kagonga. Jua linamchoma. Kagonga. Uji. Kagonga. Mpaka jioni nimeunga bega moja.

Alhamisi, 10 Julai

Fundi wa sokoni kanipa sindano yenye ncha butu, ya vitambaa vya kuvutika. Loo! Cherehani imetulia kama si ile ya jana.

Kaka Nathan kapita. Nimemwambia. Anauliza: na mzee? Nikasema wewe upo kaka, wifi yupo, milango yetu inatazamana. Anasema mkewe Anastazia ana watoto, yeye ana alizeti haijapigwa. "Wewe una nini, Ritha?"

Una nini!

Nimemjibu baadaye, peke yangu, jikoni, kwa sauti.

Ijumaa, 11 Julai

Sijashona. Tumbo la baba limeharibika. Mashuka, maji, mashuka.

Jumamosi, 12 Julai

Leo shingo. Utepe wa shingo unakatwa mfupi kuliko tundu, unauvuta huku unashona, ndipo unatulia. Mimi nimeukata mfupi mno, tena kwa upande usiovutika. Sikugundua. Nikajaribu kuvaa.

Kichwa kikakwama. Mikono juu, uso ndani, sioni kitu. Navuta chini, haishuki. Navuta juu, imeshika hereni. Nikajigonga kwenye mlango. Nikaanza kulia humo humo ndani, kwa kelele, kama mtoto. Topu tu! Lakini hewa ilikuwa inaisha, na niliona ndiyo hivi, nitakaa humu siku zote.

Nikamsikia baba anagonga. Nikapapasa ukuta mpaka kwake, nikapiga magoti. Akashika kitambaa kwa ule mkono mzima. Akavuta. Akapumzika. Akavuta. Ikatoka, na hereni juu yake.

Kumtazama—anacheka! Upande mmoja wa mdomo. Sijamwona akicheka tangu augue. Tukacheka wote wawili.

Ndipo nikamwambia. Shelui, Klara, Jumatatu. Akaacha kucheka, akafumba macho. Sijui alisinzia au alikuwa ananisikia.

Jumapili, 13 Julai

Nimebadili shingo. Imekaa! Mikono, pindo, pasi. Imeisha.

Anastazia kaja akitoka kanisani. Kauvuta mshono kwa nguvu, uzi haukukatika. Kasema nenda wifi, mzee nitamlisha mimi, Nathan niachie.

Halafu: "Utarudi lini?"

"Jioni."

"Jioni ya kesho?"

Nikasema ndiyo. Akaikunja topu, akanipa. Mimi sikumtazama.

Jumatatu, 14 Julai

Niko kwenye basi, tumesimama Misigiri. Topu nimeivaa, sweta juu. Asubuhi nilimwamkia baba shikamoo, nikampelekea uji. Akafunga mdomo. Nikamwekea kijiko mdomoni, akageukia ukutani. Nathan hakutoka nje. Nikaondoka.

Mkobani nimetia nguo za kubadilisha. Wifi aliuona mkoba umetuna.

Simu imeita sasa hivi. Jina: Baba. Simu yake hajaishika tangu augue! Nimepokea.

"Baba?"

Pumzi tu. Ni yake, naijua.

"Wifi, ni wewe umempa simu?"

Hakuna mtu. Pumzi.

"Baba, umekunywa uji?"

Anajaribu neno. Linaanza na N. Nnn—nnn. Ritha halina N mbele. Nathan? Njoo? Nenda? Nimemwambia pole pole baba, nakusikiliza, sina haraka. Anaanza upya.

Konda anaita abiria wanaonunua mahindi, wapande twende. Mbele ni mteremko wa Sekenke, mtandao hukatika pale. Simu nimeibana begani, naandika. Mlango bado uko wazi, naweza kushuka. Mama mmoja amesimama, anauliza kama kiti cha pembeni yangu kina mtu.

Nnn—